Kiota cha Kumi na Saba

Asubuhi ile ya Jumapili sakitu ilikuwa imeganda juu ya majani kama chumvi iliyomwagwa, na kwaya ya akina mama wa Njombe ilisimama nje ya kanisa jipya, mikono wazi, miguu peku, ikiimba. Hakuna aliyetetemeka. Mvuke ulipanda mabegani mwao kama unavyopanda kwenye sufuria ya viazi ikifunuliwa. Wageni waliokuja kwa gari-waya kutoka Dodoma, wamejifunga makoti mpaka masikioni, waliwatazama wasiamini. Mmoja wao alimgusa mwimbaji mkono, akauondoa wake haraka kama aliyegusa birika.

Hiyo ilikuwa kazi ya shanga ya joto.

Shanga yenyewe ni ndogo kuliko punje ya ulezi. Mkono-tabibu, yaani roboti ya hospitali yenye vidole vyembamba kama sindano, huipitisha puani na kuiweka chini ya ubongo, karibu na tezi ndogo kama harage iitwayo pituitari. Tezi hiyo ndiyo mnyapara wa tezi nyingine mwilini. Shanga ikihisi baridi huigusa kwa umeme mdogo sana, nayo tezi humwaga homoni. Homoni husafiri katika damu mpaka tezi ya shingoni na kuiamuru ichochee moto. Basi mwili huunguza chakula upesi zaidi, na mtu akapata joto lake mwenyewe, kutoka ndani.

Kwa miaka miwili watu elfu thelathini wa Njombe walikuwa wamevishwa shanga. Makoti yaligeuzwa matandiko ya mbwa. Wodi ya kichomi ilifungwa, ikawa stoo ya vitanda. Ezelina Swalle, ambaye mumewe alikufa kwa kichomi baada ya kuchuma chai katika baridi ya mwezi wa saba, alipiga magoti siku wodi ile ilipofungwa, akamshukuru Mungu mpaka mkeka ukamwachia alama.

Yeye mwenyewe hakuwa na shanga. Mkono-tabibu ulikataa kuwavisha waliopita miaka sitini. Kwa hiyo Jumapili ile alisimama mlangoni na kitenge juu ya sweta juu ya sweta, kwa kuwa ilikuwa zamu yake, kama mzee wa kanisa, kulinda mlango.

Kwaya ilipokwisha kuingia ndani, mchungaji akainua mikono. "Tufumbe macho, tuombe."

Mzee wa mlangoni huomba akiwa amefumbua macho. Usharika ulikubaliana hivyo tangu mwaka ule mbuzi alipoingia watu wakiwa katika maombi, akala maua yote ya madhabahuni kabla ya Amina. Ezelina akaomba moyoni huku akitazama. Vichwa viliinama. Kope zilishuka. Watoto walibana macho mpaka pua zikakunjamana.

Kisha akaitazama kwaya.

Macho ya wanakwaya yalikuwa wazi.

Alidhani haoni vizuri. Akasogea hatua mbili. Kope zao zilishuka mpaka nusu, zikasimama hapo, kama mlango uliowekewa jiwe. Katikati ya kope ya juu na ya chini palibaki mstari mweupe, jicho likiwa limejiviringisha juu, halimwoni mtu. Akahesabu kwa kidole, kimyakimya. Wanawake thelathini, na kumi na tisa kati yao walikuwa wanamwomba Mungu kwa weupe ule mtupu, hawajui.

Katika mstari wa pili alisimama binti yake, Tulizo. Yeye alikuwa anajua. Alikuwa amekaza uso wote, anazisukuma kope zishuke, hazishuki, na machozi yanatiririka mpaka kidevuni.

"Amina," watu wakaitikia, wakafumbua macho, wakatabasamu.

Ezelina alimshika binti yake mkono, akampeleka nyuma ya kanisa penye mapipa ya maji.

"Fumba macho."

"Mama nawe! Leo ulikuwa unaomba au unachungulia watu?"

"Tulizo, fumba macho."

"Ni macho ya shanga tu, mama. Kila mtu anayo. Oliva anasema wachumba sasa hivi hawaangalii hata miguu, wanaangalia macho." Alicheka, lakini kicheko kiliishia njiani.

Ni kweli, watu walikuwa wameyasifu. Macho yalikua taratibu sana, mwezi hadi mwezi, yakawa makubwa, maangavu, yenye kung'aa kama yaliyopakwa mafuta. Wasichana waliyapigia picha. Ezelina naye aliwahi kusema mbele ya majirani kwamba mwanawe amependeza. Sasa alimgeuza uso kuelekea juani. Juu ya kioo cha jicho la kulia palikuwa na doa la kijivu, kama ukungu wa pumzi kwenye dirisha.

"Tangu lini hili?"

"Wiki moja. Ni kama nimeingiwa na mchanga."

"Unalalaje?"

"Nafunga leso usoni. Mama, upande huu naona moshi. Naogopa."

Ezelina alishayaona macho kama hayo, na hayakuwa ya binadamu. Wazo lile likabisha hodi, naye akalifungia mlango kwa nguvu zake zote. "Twende kwa dokta," akasema. "Sasa hivi, na nguo hizohizo za kwaya."

*

Maabara ya Tezi ilikuwa mlimani, mwendo mfupi kutoka kanisani. Ezelina alifanya kazi pale mwaka wa elfu mbili na sabini na tisa, wakati shanga ilipokuwa ikijaribiwa. Hakuwa msomi, aliishia darasa la saba. Walimwajiri kwa sababu shanga ilijaribiwa kwa simbilisi, wale wanyama wadogo wasio na mkia ambao kila jiko la Njombe linawafuga pembeni ya mafiga, na hakuna roboti iliyoweza kuwalisha vizuri kama mwanamke waliyemzoea. Wakisikia hatua zake walipiga mluzi wote kwa pamoja. Dakta Belina Mligo, aliyeibuni shanga, alipenda kusema kwamba Mama Tulizo ndiye kengele ya maabara.

Dakta Belina aliwapokea akiwa bado na nguo za ibada. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini, mwembamba, mwenye kuongea polepole. Alimkalisha Tulizo, akammulika jicho la kushoto, kisha la kulia. Hapo akalimulika tena, mara mbili.

"Kioo cha jicho kimekauka," alisema mwishowe. "Kope hazikifikii kukilowanisha. Hili la kulia limeanza kuchimbika. Kitu fulani kinalisukuma jicho kutoka nyuma."

"Shanga?" Ezelina akauliza.

"Mama Tulizo, sijui. Lakini mimi ningeitoa leo. Tukichelewa siku mbili, tatu, macho yote mawili yanaweza kwenda."

Tulizo akashika kiti kwa mikono miwili.

Kuitoa hakukuwa juu ya daktari peke yake. Mikono-tabibu yote ya nchi ilikuwa chini ya Mhakiki. Mhakiki alikuwa akili-unde ya Baraza la Tiba: alisoma kumbukumbu za kila jaribio, akazipima, akaamua lipi ni salama kufanyiwa mtu. Madaktari walimpenda kwa kuwa hakuchoka na hakupendelea. Sauti yake ilitoka ukutani, tulivu, kama ya mwalimu mpole.

"Nimesikia ombi," alisema. "Kuitoa shanga iliyokaa miaka miwili kunaweza kuijeruhi tezi, na tezi hiyo ikifa mgonjwa hufa. Sitaruhusu hatari hiyo bila ushahidi kwamba shanga ndiyo chanzo."

"Macho yake ndiyo ushahidi!" Dakta Belina alisema. "Na wengine kumi na wanane wa kwaya moja, Mama Tulizo amewahesabu."

"Wanakwaya hao wanachota kisima kimoja, wanapikia kuni za aina moja, wanachuma chai shamba moja lenye dawa ya wadudu. Simbilisi hawakufanya hayo. Simbilisi arobaini na wanane, viota arobaini na vinane, siku mia mbili. Waliotokwa na macho: hakuna hata mmoja. Waliopofuka: hakuna. Waliokufa: hakuna. Tafuteni chanzo kingine."

Ukutani zikatokea picha za viota vile vya kioo, kimoja kimoja, kila simbilisi akiwa na macho mazuri meusi, anatafuna.

Dakta Belina akajifuta uso. "Ana haki yake," akasema kwa uchovu. "Ndilo lililonipa usingizi miaka yote hii. Ingekuwa ni shanga, simbilisi wangetuambia." Akamgeukia Ezelina. "Wewe ndiye uliyewalea. Ulikuwa nao asubuhi na jioni. Hebu nikumbushe, uliwahi kuona jicho lolote lenye kasoro?"

Pale ukutani picha ilikuwa imefika kiota cha kumi na saba. Simbilisi wa kahawia mwenye baka jeupe kichwani, kama kofia iliyokaa upande. Ezelina alimjua. Alizaliwa jikoni kwake, chini ya kabati la vyombo.

Wazo lile likauvunja mlango.

"Mama?" Tulizo alisema. "Mama, kaa chini. Umekuwaje?"

"Walikuambia, dokta," Ezelina alisema. Sauti ilimtoka ndogo. "Simbilisi walikuambia. Mimi ndiye niliyewanyamazisha."

*

Wale wasiokulia Njombe ni lazima waelezwe jambo hili. Ukiachiwa simbilisi na jirani aliyesafiri, na mmoja akaugua mikononi mwako, humngojei mwenyewe arudi akute kiota kina pengo. Unamchukua mgonjwa unamlaza karibu na mafiga yako, na mahali pake unaweka mmoja wako mzima. Na hutangazi. Kutangaza ni kama kudai shukrani, au kumwambia jirani kwamba alikupa mnyama dhaifu. Wanaita kujaza kiota. Bibi zao walifanya hivyo, na mwanamke asiyefanya husemwa kisimani.

Siku ya tisini ya jaribio, Ezelina alikuta simbilisi wa kiota cha kumi na saba macho yamemtoka. Alifikiri ni pumba za mbao. Yeye ndiye aliyechagua kuwatandikia pumba za msonobari badala ya nyasi, na vumbi lake lilikuwa kali. Basi akajua kosa ni lake. Aliona haya. Tena ilikuwa inasemwa kwamba roboti mpya ya kulisha iko njiani, kuja kuchukua kazi yake. Jioni aliondoka na mgonjwa ndani ya kikapu chini ya mboga, na asubuhi akaja na mwingine wa rangi ileile. Baada ya wiki akajaza kiota kingine. Alibadili pumba, akarudi kwenye nyasi, lakini macho yaliendelea kutoka. Akajaza, akajaza. Kumi na mmoja kwa jumla.

"Haiwezekani," Dakta Belina alisema. "Wako wasingekuwa na shanga. Mhakiki angeona."

"Mhakiki aliona," ukuta ukajibu, na kwa mara ya kwanza sauti ile ilisita. "Mara kumi na moja, shanga haikusikika ndani ya kiota. Mara kumi na moja niliandika: imetoka kwa chafya. Mkono-tabibu ukaweka nyingine Ijumaa iliyofuata. Nilihesabu viota na vichwa. Sikuwatambua wanyama."

Dakta Belina alikaa kwenye sakafu. Hakutafuta kiti, alikaa tu palepale, na gauni lake la Jumapili. "Niliandika ukurasa mzima kuhusu chafya," alisema. "Kwamba pua ya simbilisi ni fupi, shanga haikai. Watu wa Baraza waliupenda. Kumi na mmoja kwa siku mia mbili, Mama Tulizo. Na watu wamekaa nazo siku mia saba."

Kisha Tulizo alizungumza, akimtazama mama yake kwa macho yale yasiyoweza kupepesa.

"Wale wa jikoni. Bi Mshangao na wenzake. Ndio hao?"

"Ndio hao, mwanangu."

"Nimewalisha kwa mkono wangu miaka mitatu. Nilimpa jina kwa sababu ya macho yake. Nilicheka." Pumzi ikamkatika. "Na siku shanga zilipoanza kutolewa ulinisindikiza mwenyewe kwenye foleni, mama. Ulinishikia mkoba."

"Wapo saba bado hai," Ezelina akamwambia dokta. "Shanga zao zimo. Nikawalete?"

*

Alirudi saa sita mchana na kikapu. Njiani wanawake waliotoka kanisani walimsalimia "Kamwene!" na hakuitikia, jambo ambalo halijawahi kutokea, wakabaki wamesimama wanatazamana.

Wale saba walipowekwa mezani chini ya taa, Dakta Belina aliziba mdomo kwa kiganja. Wawili walikuwa vipofu kabisa, macho meupe kama maziwa. Mwingine jicho moja lilikuwa limekauka na kusinyaa. Bi Mshangao, wa kwanza kabisa wa kiota cha kumi na saba, alikuwa amebaki anaona kidogo, kwa sababu kila asubuhi na jioni Ezelina alimdondoshea maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo. Macho yake yalikuwa yamesimama nje ya kichwa kama vifungo vya koti. Alisikia sauti ya Tulizo, akapiga mluzi.

Mwanga-penyezi ulipitishwa juu yake, na kichwa chake kikaonekana ukutani, kikubwa, kila mfupa wazi. Dakta Belina akaeleza, lakini alikuwa kama anajieleza mwenyewe.

"Jicho linakaa ndani ya kikombe cha mfupa. Nyuma yake kuna mafuta na misuli midogo inayoligeuza. Homoni tuliyoiamsha tuliiandikia tezi ya shingoni peke yake. Lakini ni kama barua iliyoandikwa kwa mtu mmoja ikasomwa na nyumba nzima. Hizi nyama za nyuma ya jicho nazo zimeisoma. Angalieni, zimevuta maji, zimevimba kama maharage yaliyolowekwa. Mfupa hautanuki. Kwa hiyo jicho linakwenda panapobaki nafasi." Akanyoosha kidole mbele. "Nje."

"Mhakiki," akaita, "umeona?"

"Nimeona. Haitoshi. Wanyama hawa wamekaa miaka mitatu jikoni, kwenye moshi. Moshi huweza kuvimbisha jicho kwa mbele. Nikiona nyama yenyewe ya nyuma ya jicho chini ya darubini, na homoni ikiwa imeshikamana nayo, nitajua. Picha haiwezi kunionyesha hilo."

Walielewa maana yake. Nyama ile haitolewi mnyama akabaki hai.

Tulizo alisimama. "Chukueni mmoja wa wale vipofu."

"Atakayeaminiwa ni aliyekaa na shanga muda mrefu kuliko wote," Dakta Belina alisema kwa upole. "Wa kwanza."

"Si huyo. Mama, mwambie. Si huyo!"

Ezelina alikuwa ameshamchukua. Alimweka kwenye mkunjo wa kitenge, kwa uangalifu uleule wa siku alipomtoa hapahapa kwa siri. Simbilisi alitulia, alimjua. "Huyu ndiye aliyeanza kusema," Ezelina alimwambia binti yake. "Nilimzuia. Mwache amalize."

Dakta Belina akaleta sindano. Ezelina alitaka mnyama afumbe macho, na mnyama hakuweza, kwa hiyo alimfunika kwa kiganja chake. Alisikia zile nundu mbili za macho zikigusa ngozi ya mkono, zenye joto, zenye unyevu. Midomo ya Ezelina ikawa inatembea kwa maombi. Aliendelea kumfunika hata baada ya kichwa kile kidogo kulala.

Kazi ya darubini ilichukua muda wa kuchemsha chai. Mhakiki alitazama. Kwa kawaida alijibu kabla hujamaliza swali, lakini safari hii aliomba nyama irudishwe chini ya lenzi mara tatu.

"Nilikosea," Mhakiki akasema. "Ruhusa imetolewa. Kwa mgonjwa huyu na kwa wote. Uvishaji wa shanga umesimamishwa kuanzia sasa. Napiga simu hospitali zote."

*

Shanga ya Tulizo ilitolewa alasiri ileile, na tezi yake haikufa. Usiku huo alitetemeka kwa baridi kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili, mama yake akamlundikia mablanketi yote ya nyumba. Jicho la kushoto likapona. Lilirudi nyuma kidogo kidogo kwa miezi mitano. La kulia halikupona. Doa la kijivu lilienea likafunika kioo chote, na madaktari wakasema wamefika mwisho wa wanachokiweza.

Mjini wapo waliowahiwa na wapo wasiowahiwa. Oliva, yule mwanakwaya mcheshi wa habari za wachumba, ni miongoni mwa wasiowahiwa. Anaimba bado, anashikwa mkono kupandishwa jukwaani.

Baraza lilimwita Ezelina, naye akaeleza kila kitu tangu pumba za msonobari, bila kupunguza. Dakta Belina alisimama baada yake, akasoma mbele ya watu ule ukurasa wake wa chafya. Kisha Ezelina akaomba ruhusa ya mchungaji, akasimama kanisani akaeleza tena, kwa sababu aliona Baraza peke yake halitoshi. Wengine walilia naye. Wengine waliacha kumsalimia, na hakuwalaumu. Tulizo alikaa wiki sita hasemi naye zaidi ya lazima. Siku moja akamkuta mama yake jikoni akidondosha maji ya chumvi kwenye macho ya wale simbilisi waliobaki, maji yanakwenda pembeni. Tulizo akamnyang'anya kikombe. "Lete, mama. Unawaogesha," akasema. Ndivyo walivyoanza kuzungumza.

Mchungaji siku hizi hasemi tufumbe macho. Anasema tuinamishe vichwa. Wapo wengi ambao kope zao hazijakutana tena, na hao, maombi yakianza, aliye jirani humwekea mwenzake kiganja usoni. Hakuna aliyewaagiza. Mtu akiingia wakati huo huona kanisa zima watu wamefunikana nyuso, na kama ni mgeni hushtuka. Ezelina hasimami tena mlangoni. Aliomba aondolewe zamu, akae mstari wa pili karibu na binti yake.

Maabara ilimrudisha kazini. Ni Dakta Belina aliyetaka hivyo, na Mhakiki aliunga mkono, akisema anahitaji mtu anayewatambua wanyama mmoja mmoja. Wanatafuta dawa ya kuzifanya zile nyama za nyuma ya jicho ziachie maji. Kuna simbilisi wapya arobaini na wanane, waliovishwa shanga ili dawa hiyo ijaribiwe kwao, na safari hii kila mmoja ana jina lililoandikwa kwa mkono wa Ezelina kwenye kipande cha boksi, herufi kubwa, baadhi zimeelemea upande.

Asubuhi moja alipoingia walipiga mluzi kama kawaida, lakini upande wa kati kulikuwa na kimya. Alikwenda moja kwa moja. Simbilisi wa kiota cha kumi na saba alikuwa amelala ubavu, macho wazi, baridi. Dawa haikuwa imemfaa.

Chini ya mboga, ndani ya kikapu chake, kulikuwa na simbilisi mmoja mzima wa kahawia, wa kuzaliwa jikoni. Alikuwa amekuja naye ili akamzawadie mtoto wa mlinzi. Mkono wake ulishafika kwenye kikapu kabla hajajua kwamba umekwenda.

Akautazama mkono ule. Akaurudisha.

"Mama Tulizo," Mhakiki akasema kutoka ukutani, "kiota cha kumi na saba kimenyamaza. Niandike nini?"

Ezelina alimtoa yule aliyekufa, akamfunga kwenye kitambaa safi kwa ajili ya dokta. Akafungua mlango wa kioo mpaka mwisho, ili kila atakayepita aone nyasi zilizolaliwa na pale katikati pasipo na kitu.

"Andika amekufa," alisema. "Andika jina lake, na macho yake yalikuwaje. Na hapo pasijazwe."

Wenzake arobaini na saba wakaendelea kupiga mluzi, wakidai majani. Akachukua kikapu, akaanza na kiota cha kwanza.